Mkwe Shimoni

Siku maji ya choo yalipoamua kupanda badala ya kushuka, Pascalia alikuwa jikoni anageuza mandazi. Tundu la sakafuni lilibwabwaja kwanza, likanyamaza, kisha likatapika. Maji meusi yakaizunguka miguu ya Roda mpishi, yakapita chini ya meza ya kukatia nyama, yakaenda zake taratibu mpaka walipoketi wateja.

"Hao!" Pascalia akafoka, mwiko ukielekea darini. "Hao wa juu! Nilisema mimi!"

Kwa "nilisema mimi" hakuwa na mpinzani. Hoteli yake iliitwa Mukumu View, ingawa kutoka dirishani mwake hungeiona Mukumu hata ukipanda juu ya meza. Ulichokiona ni mgongo wa bucha. Ilikuwa chini kabisa ya Jengo la Premji, ghorofa kuukuu katikati ya Kakamega, ambalo mwenyewe alishakwenda zake zamani akawaachia watu kuta na panya. Juu ya hoteli kulikuwa na chuo cha kompyuta chenye kompyuta moja, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Juu ya chuo kulikuwa na kanisa la Nabii Phanuel, lenye spika nyingi kuliko waumini. Wote hao walitumia bomba moja la maji taka, na tangu Premji aondoke hakuna aliyewahi kulijulia hali.

Kwa hiyo Pascalia hakwenda mbali kutafuta wa kulaumu. Alipanda ngazi akamwambia mwalimu wa kompyuta kwamba wanafunzi wake wanatupa makaratasi chooni. Akapanda tena mpaka kwa Nabii. Nabii akafumba macho, akasema ameoneshwa joka limelala chini ya jengo.

"Joka!" Pascalia akasema. "Joka linalokula ugali wa nani? Ni nyinyi na mikesha yenu. Mnaingia wazito jioni, mnatoka wepesi asubuhi!"

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mvua za El Nino, na mwaka ule kila kitu kilikuwa El Nino. Daraja likivunjika, El Nino. Karani akikosa kazini, El Nino. Mume akilala kusikojulikana, El Nino hiyo hiyo. Pascalia alipokwenda katika ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja kwa kuwa ofisi nazo zina masikio, alioneshwa lori la kunyonya maji machafu. Lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja, na kuku alikuwa anaatamia mayai kwenye kiti cha dereva.

"El Nino, mama," mkubwa wa pale akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni.

Pascalia akayatazama majani yaliyoota mpaka kwenye madirisha ya lori. Majani yale yalikuwa na umri mkubwa kuliko mvua.

Hata hayo angeyameza. Lakini kipindupindu kilikuwa kinatembea mitaani mwaka ule, na Jumanne akaja Bwana Kipkoech. Huyu alikuwa bwana afya, mkaguzi wa majiko yote ya mjini, na alisimama mlangoni na kitambaa puani kana kwamba ni mgeni. Mgeni wapi! Kila Alhamisi Kipkoech alikula kuku Mukumu View, paja na kidari, na sijawahi kusikia kwamba aliulizwa bili. Mla kuku wa mwenzie miguu humwelekea, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua Kipkoech. Yake ilielekea mlangoni.

"Ijumaa adhuhuri, Mama Maurine," alisema. "Nikikuta tone moja hapa, natia kufuli. Watu wanakufa. Tena nasikia kuna mtu anakitaka hiki chumba aweke baa. Mimi nikifunga leo, kesho yeye yuko ndani na kreti zake."

Hoteli ile ndiyo ilikuwa maisha ya Pascalia, hakuwa na mengine. Alipofiwa na mumewe, mashemeji walichukua shamba, wakachukua ng'ombe, wakang'oa mpaka mlango wa nyumba. Wala hawakuja wenyewe kumwambia aondoke. Walimtuma mtu: "Mwambieni huyo mama siku zake hapa zimekwisha." Akatoka na karai moja la kukaangia na binti mmoja, Maurine. Karai likamzalia hoteli. Binti naye akamletea mkwe, na huyo mkwe ndiye aliyekuwa kidonda.

"Mtafute Barasa," Kipkoech akasema akiondoka. "Hapa mjini hakuna mwingine."

Barasa! Heri angeambiwa akalitafute joka la Nabii.

Barasa alikuwa na mkokoteni ulioandikwa ubavuni BARASA ZIBUA, HATUOGOPI. Kazi yake ilikuwa kuzibua mabomba ya maji taka na kuchimbua vyoo vilivyojaa, na kazi hiyo aliifanya amevaa tai. Ndiyo, tai, nyekundu, ambayo aliitupa begani wakati wa kuinama. Alijisifu sokoni, alijisifu kwa kinyozi, alijisifu hata matangani, akiwasimulia wafiwa bomba lililowashinda watu wote mpaka akaitwa yeye. Mtu huyo ndiye aliyemwoa Maurine. Na ni mtu huyo ambaye Pascalia aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba "yuko katika mambo ya maji." Akina mama wakaelewa ni afisa, na Pascalia hakuona haja ya kuwasumbua na maelezo zaidi.

Tena, kwao, mtu na mama mkwe ni moto na petroli. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anajitoma kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, na uchafu wa mama mkwe hata kuutaja hautaji, sembuse kuushika. Mila nyingine zote Pascalia aliziita ujinga wa kale. Hii aliishika kwa mikono miwili, maana ilimpa sababu ya heshima ya kutomtazama Barasa mpaka kufa.

Basi akangoja. Alhamisi maji yakafika kwenye viti. Wateja wakaisha, wakabaki nzi, nao hawanunui kitu. Ijumaa alfajiri, Pascalia akautazama ukuta akasema, "Roda, nenda kamwite yule mtu."

"Mtu gani, mama?" Roda akauliza, naye alijua vizuri sana.

"Yule! Wa mkokoteni. Usinifanye nitaje, Roda, nitakufukuza."

Nyuma ya jengo kulikuwa na ua, na katikati ya ua mfuniko wa chuma wa shimo la maji taka. Barasa alipofika na watu wake wawili, habari ilikuwa imemtangulia. Walijaa wanafunzi wa kompyuta, wakajaa waumini wa Nabii, wakaja mpaka wauza mitumba wa barabarani. Na pembeni, nyuma ya jiko lake la mahindi ya kuchoma, aliketi Awinja.

Awinja huyu alikuwa mhudumu wa Mukumu View zamani. Mwaka uliotangulia vijiko vya hoteli vilianza kupungua, leo viwili, kesho kimoja. Pascalia alikuwa ametoboa tundu kwenye mpini wa kila kijiko, ili mwizi asipate cha kujivunia kwake, na bado viliyeyuka. Akamkamata Awinja saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa. Akampekua mfukoni, akamvua kitambaa cha kichwa akakikung'uta, hakupata hata kijiti cha meno, akamfukuza vile vile. "Mwizi wa vijiko!" Sauti ilifika barabarani. Tangu siku hiyo mji ulimwita Kijiko. Watoto walimwita Kijiko, wanunuzi wa mahindi walimwita Kijiko, na kijana wa Matete aliyekuwa anataka kumposa akalisikia jina hilo na hakuonekana tena. Awinja hakugombana na mtu. Alikuja tu akaweka jiko lake pale uani, mbele ya dirisha la Pascalia, ili aonekane kila siku ya Mungu.

Barasa akaupa mlango wa jiko mgongo. Pascalia akakaa ndani nyuma ya pazia la gunia, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kati yao akasimama Roda.

"Roda," Barasa akaanza, kwa sauti ambayo watu wa Matungu wangeisikia wakiwa mashambani, "mwambie mama namsalimu sana."

"Mama, anakusalimu sana."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie salamu zimefika, aanze kazi."

"Roda, mwambie mama mimi kazi siogopi, hata mkokoteni unasema. Lakini nina swali. Bomba hili linatoka jikoni kwake. Nikikishika kilichomo, nitakuwa nimeshika nini? Mkwe hashikangi uchafu wa mama mkwe. Nikishika itabidi wazee waitwe, kondoo achinjwe, na bado kwetu watanicheka mpaka niote mvi."

Lilikuwa swali la haki. Pascalia angeweza kujibu "sijui," neno dogo lisilokata ulimi, lakini tangu abatizwe alikuwa hajalitumia. Jua nalo lilikuwa linapanda, na Kipkoech alikuwa njiani.

"Mwambie," akasema, na sasa alikuwa amesimama, "mwambie mle hamna uchafu wangu hata tone! Ni wa hao wa juu, na makaratasi yao na mikesha yao. Naapa kwa kaburi la mume wangu. Na watu wote wasikie. Kikitoka kitu changu humo, hii hoteli isiwe yangu!"

"Mmh," akasema Awinja, akageuza hindi.

Barasa akaitupa tai begani, mfuniko ukafunuliwa, akashuka. Watu walisikia anaimba nyimbo za kanisa huko chini, sauti ya kwanza na ya pili zote yeye. Kisha wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kichwa chake kikatokeza, na kwa mara ya kwanza tangu mji umjue hakikuwa na la kujisifia.

"Nipeni shoka," akasema.

Shoka! Watu wakatazamana. Shoka likashuka, yakasikika mapigo, na ndoo ya kwanza ikavutwa juu. Hayakuwa makaratasi. Halikuwa joka. Lilikuwa bonge gumu, jeupe kwa umanjano kama mche wa sabuni, limechukua umbo la bomba lenyewe. Likaja la pili, likaja la tatu, wakayapanga mkokotenini mpaka magurudumu yakazama kwenye matope. Na chini ya uvundo ule ikaanza kupanda harufu nyingine, harufu ambayo kila pua iliyokuwa pale iliifahamu.

"Ala," mwuza mitumba mmoja akasema. "Mbona kunanukia kuku?"

Kuku, jamani! Kuku wa Mukumu View, na vitunguu vyake. Mifupa ilikuwa imetokeza ubavuni mwa mabonge, mipaja na mabawa. Mbwa wa bucha wakaja wakaketi kwa adabu kusubiri sehemu yao.

Pascalia alikuwa anachungulia kwa kitundu cha gunia. Nyani haoni kundule, ni kweli, ila asubuhi ile nyani aliletewa kioo. Alikumbuka kila jioni Roda alipouliza karai la mafuta yaliyochoka likamwagwe wapi. Alikumbuka jibu lake mwenyewe: "Mwaga hapo kwenye tundu, mafuta si ni maji tu." Yaliingia moto, yakapoa gizani, yakaganda. Mwaka baada ya mwaka alikuwa amejifyatulia tofali lake mwenyewe. Alihisi uso unawaka, na alishukuru kuwa na leso.

Kisha shoka likapasua bonge la mwisho palepale ukingoni mwa shimo, na ndani yake kitu kikang'aa. Kijiko. Kando yake kijiko kingine. Vilikuwa vimelala humo kwa wingi, na kila mpini ulikuwa na tundu.

Barasa akavikumba upesi akavisokomeza mfukoni. Lakini Awinja alikuwa ameshasimama.

Hapo ungemwona mkwe wa kweli. Mkwe hamvui nguo mama mkwe mbele za watu, hata kama mama mkwe mwenyewe ameshika pindo anavuta. Barasa akainua mfupa wa paja juu na kupaza sauti: "Ni hawa wa juu! Kumbe wanafunzi wa kompyuta mnakulanga kuku hivi!"

"Kuku gani?" wakalia wanafunzi. "Sisi tunashindia skonsi!"

Na katika zogo hilo akaingia Bwana Kipkoech, kufuli mkononi.

Akatazama mkokoteni. Akachungulia jikoni, ambako maji yalikuwa yanateremka kwenye tundu yakigugumia. "Hiki ni nini, na ni cha nani?" akauliza. "Maana kama ni mafuta ya hoteli, nafunga sasa hivi. Hoteli isiyo na kisima cha kunasa mafuta hairuhusiwi."

Ua ukamtazama Barasa. Barasa akatazama mawingu.

"Cha wa juu, Bwana Afya," akasema.

Kipkoech akanusa. Akautazama ule mfupa wa paja, nao, kwa vyovyote, ulikuwa wa Alhamisi mojawapo. Jana yake alikuwa amekosa kuku wake kwa sababu ya mafuriko, na jikoni kulikuwa kunachemka ingokho, kuku aliyechinjiwa mkwe, kwa kuwa mkwe hafanyi kazi kwako akaondoka bila kuku.

"Cha wa juu," akakubali. Akaletewa kiti palepale uani, na sahani, na kitambaa cha puani kikashuka mapajani. Wa juu, ambao walijua wamehukumiwa na tumbo, wakaguna tu.

Barasa akaliendea lile pazia kinyumenyume, hatua kwa hatua, asije akaona asichopaswa. Alikuwa amevua tai. Akaweka kizingitini kifurushi chekundu.

"Roda, mwambie mama kazi imekwisha. Na kuna vitu vyake nimeviokota njiani."

Pascalia akakifungua kifurushi. Vijiko vyake vikamtazama, kila kimoja kwa jicho lake.

Alikuwa ameshinda. Hoteli ilikuwa imepona, kufuli lilikuwa chini ya kiti, mwenye kufuli alikuwa anamung'unya. Kilichobaki ni kunyamaza. Lakini kwenye kitundu cha gunia alikuwa bado anamwona Awinja amesimama, na hindi limeungua mpaka limekuwa mkaa bila yeye kuligeuza. Pascalia akatafuta njia ya mkato, kama kawaida yake.

"Roda," akanong'ona, "nenda kwa Awinja. Mwambie arudi kazini kesho. Mwambie nimemsamehe."

Nimemsamehe! Hata Roda alisimama kidogo kabla ya kwenda. Akavuka ua, akainama, akasema. Awinja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu bila kunong'ona.

"Mwambie mama mimi si mkwe wake. Baina yangu na yeye hakuna pazia. Aliniita mwizi kwa mdomo wake, saa ya chakula, mbele za watu. Basi watu ni hawa, na saa ya chakula ndiyo hii. Aje mwenyewe."

Roda hakuhitaji kuupeleka ujumbe.

Pascalia akalishika gunia kwa vidole. Nje alikuwako Kipkoech na paja lake. Akitoka akasema vijiko vimetoka wapi, atakuwa amesema mafuta yametoka wapi, na kile kiapo watu wote walikisikia. Aliogopa, tena aliogopa sana, kuliko hata siku ile alipobeba karai kichwani na Maurine mgongoni. Siku ile alimwuliza yule mjumbe, "Wenyewe wako wapi? Mbona hawaji wakaniambia wao?" Mjumbe akatazama chini, kama Roda alivyokuwa anatazama chini sasa.

Alilivuta gunia kwa nguvu mpaka likang'oka na misumari yake.

Barasa aliposikia zile hatua nyuma yake, na kumbukeni mfuniko ulikuwa bado wazi, hakufikiri mara mbili. Akaruka ndani ya shimo, buu! Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Pascalia hakucheka wala hakugeuka. Alivuka ua na vijiko vyake ndani ya tai ya mkwe, akasimama mbele ya jiko la mahindi, akasema kwa sauti ndogo:

"Vilikuwa kwenye bomba. Tulivimwaga wenyewe na maji ya vyombo. Na mafuta ni yangu, yote. Hukuiba, Awinja."

Nyuma yake taya la Kipkoech likasimama. Akalimalizia paja kwanza, haki yake apewe. Kisha akapangusa mikono, akainama chini ya kiti.

Awinja akachukua kijiko kimoja, akakifuta kwa upindo wa leso, akachungulia kwenye lile tundu la mpini. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ila sauti ilikuwa kavu.

"Sema tena," akasema. "Wale wa kule mlangoni hawakusikia."

Kufuli likalia ka! kwenye mlango wa Mukumu View. Pascalia akavuta pumzi, akawageukia watu, akasema tena, kwa sauti ile ile aliyomwitia mwizi.